Pikipiki kupita katikati ya magari kwenye foleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliendesha bodaboda Dar es Salaam miaka minne kabla ya kuhamia kwenye gari. Nimekaa pande zote mbili za kioo, kwa hiyo ninaulizwa maswali haya na wenye magari na vijana wa kijiweni pia. Majibu yangu yamesimama juu ya jambo moja: nafasi iliyo kati ya magari mawili kwenye foleni inaweza kutumika bila mtu kuumia, ila tofauti ya mwendo kati ya pikipiki na magari ikishakuwa kubwa hakuna ujuzi unaookoa.

Tunazungumzia nini hasa tunaposema "kupita katikati"?

Kuna mistari miwili ya magari yanayoelekea upande mmoja, pikipiki inapita kwenye mwanya ulioachwa kati yake. Magari yanaweza kuwa yamesimama kwenye mataa, au yanatembea polepole.

Watu huchanganya jambo hili na mengine matatu. Kutanua, yaani kutoka kwenye foleni na kupita upande wa magari yanayokuja, ni jambo lingine na ni baya zaidi. Kupita juu ya njia ya waenda kwa miguu ni jambo lingine. Kuingia njia ya mwendokasi pia ni jambo lingine: lile basi ni refu, zito, halitarajii kukukuta humo na halina pa kukukwepea. Haya matatu sitayatetea popote kwenye ukurasa huu.

Kwa nini bodaboda wasikae kwenye foleni kama sisi wengine?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na mimi nalijibu kwa sababu nililiishi.

La kwanza ni hesabu. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mtu au ya mkataba. Jioni ikifika, bosi anataka hesabu yake, yaani fedha mliyokubaliana kwa siku, foleni iwe imekushika au haikukushika. Abiria naye amepanda boda kwa sababu amechelewa. Ukimweka nyuma ya lori dakika ishirini atashuka na kutafuta mwingine.

La pili ni joto. Pikipiki nyingi za biashara zinapozwa na upepo tu, hazina rejeta. Zikisimama kwenye jua la saa nane mchana huku injini inanguruma, mguu unaungua na injini inachoka. Ndani ya gari lenye kiyoyozi hilo halionekani.

La tatu watu hawalifikirii. Pikipiki iliyosimama mwisho wa foleni haina bampa. Gari linalokuja nyuma na dereva anayeangalia simu likigonga gari jingine, ni habari ya taa na bodi. Likigonga pikipiki, anayebanwa kati ya vyuma viwili ni mtu. Nikiwa bodaboda, kilichonitisha zaidi kwenye mataa usiku kilikuwa taa za gari zinazokuja mgongoni mwangu bila kupungua.

Sheria ya Tanzania inaruhusu?

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati ambao bodaboda hawakuwepo mjini. Inamtaka kila dereva aendeshe kwa uangalifu na kuwajali wengine. Kuendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari ni kosa, na kwa kosa hilo trafiki anaweza kukusimamisha. Kwa hiyo usiseme "kila mtu anapita" ukidhani umejitetea. Ukipita katikati kwa fujo ukamgonga mtu, utaulizwa mwendo wako na namna yako ya kuendesha. Na mwenye gari aliyekubana makusudi naye ataulizwa hayo hayo.

Nchi nyingine zimefanyaje?

California ndiyo inayotajwa zaidi. Sheria yao inayoitwa AB 51 ilisainiwa mwaka 2016 na kuanza kazi Januari 2017. Ilikuwa ya kwanza Marekani kuandika wazi maana ya kupita katikati na kuwakabidhi polisi wao wa barabara kuu kazi ya kutoa miongozo. Utah iliruhusu mwaka 2019 kwa sharti kwamba magari yawe yamesimama. New South Wales, Australia, iliruhusu Julai 2014, pikipiki isizidi kilomita 30 kwa saa. Ufaransa ilijaribu kwa miaka kadhaa katika baadhi ya mikoa kabla ya kuruhusu nchi nzima mwaka 2025.

Ukizitazama sheria hizo na miongozo yake kwa pamoja utaona hakuna iliyosema "pita utakavyo". Zimehangaika na mwendo: wa pikipiki, na wa magari yanayopitwa. Kwetu mjadala huwa ni nani ana haki na nani ni mhuni, na mwendo hautajwi kabisa. Hilo linaniuma.

Ni hatari kweli, au ni woga wa wenye magari?

Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa utafiti juu ya waendesha pikipiki karibu 6,000 waliopata ajali. Kati yao 997 walikuwa wakipita katikati ya magari wakati wa ajali. Hao walikuwa na majeraha machache ya kichwa kuliko wenzao, asilimia 9 dhidi ya 17, na vifo vichache pia. Watafiti waliona kwamba pale magari yanapotembea kilomita 80 kwa saa au chini ya hapo, na pikipiki isiyazidi kwa zaidi ya kilomita 24 hivi, kupita katikati hakukuongeza majeraha. Tofauti ikizidi hapo, majeraha yaliongezeka.

Lakini naomba usiichukue takwimu hiyo na kuipeleka kijiweni kama ilivyo. Waliokuwa wakipita katikati kule walivaa kofia nzuri zaidi kuliko wenzao na wachache wao walikuwa wamelewa. Barabara zao zina mistari inayoonekana. Hazina mama anayevuka kati ya magari na ndoo kichwani, wala kijana anayeuza maji na karanga akikimbia kando ya dirisha kurudisha chenji. Kwetu mwanya ule ni soko pia. Kilomita 24 za California mimi hapa naziona ni nyingi mno.

Basi mwendo gani unafaa?

Magari yakiwa yamesimama: mwendo unaokuwezesha kusimama bila kumgusa mtu anayetokea ghafla. Kwangu ni kilomita 10, sana sana 15 kwa saa. Magari yakitembea: usiyazidi kwa zaidi ya 15. Yakifikia mwendo wa kawaida, kilomita 40 kwenda juu, rudi kwenye mstari ukae nyuma ya gari kama kila mtu.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu huchukua takriban sekunde moja na nusu tangu macho yaone hadi mkono ukaze breki. Ukiwa na kilomita 40 kwa saa, katika muda huo umeshakwenda mita 16 na zaidi, yaani umepita magari matatu hivi bila breki kuanza. Ukiwa na 20, ni mita nane. Ukiwa na 10, mita nne, urefu wa gari dogo moja.

Sasa geuza, ukae kwenye gari. Tuseme kwenye saitimira unaona nyuma mita 20 za mwanya ule. Pikipiki inayokuzidi kwa 40 itazimaliza chini ya sekunde mbili. Ukitazama kioo, ukawasha indiketa, ukatazama mbele kidogo, ukirudisha macho imeshafika mlangoni. Dereva anayesema "sikumuona, alitokea hewani" mara nyingi anasema kweli.

Nafasi yenyewe inatosha?

Chukua njia yenye upana wa mita 3.25. Toyota IST ina upana wa karibu mita 1.7. IST mbili zikikaa kila moja katikati ya njia yake, kati yake panabaki mita moja na nusu, na ukitoa vioo vya pembeni unabaki na mita moja na kidogo. Usukani wa pikipiki ya Boxer unapita, magoti yanapita.

Weka basi badala ya IST moja. Basi lina upana wa mita 2.5. Mwanya unashuka hadi sentimita 75 hivi vioo vikitolewa, sawa na usukani wako, hapo bado hujahesabu kwamba kila mtu anayumba kidogo. Weka lori kila upande: hakuna njia. Kuna kitu kinachofanana na njia kwa sababu malori ni marefu na mwanga unaonekana mwisho wake.

Kwa nini wenye magari wanakasirika hivyo?

Nimelifikiria swali hili miaka mingi, hasa siku nilipojikuta mimi mwenyewe, bodaboda wa zamani, nampigia kelele kijana dirishani.

Sababu ya kwanza ni mshtuko. Umetulia, redio inaongea, ghafla kitu kinapita sentimita chache kutoka kwenye sikio lako na honi. Mwili unaruka kabla akili haijajua ni nini. Hofu ile ikishapita haiondoki. Inageuka hasira, na anayeonekana mbele yako ni yule mgongo wenye rifleksi unaotokomea.

Ya pili ni kuona umerukwa. Wewe umekaa saa nzima tangu Mwenge, mwenzako amekuja na kukupita. Watu wetu wanaheshimu foleni ya dukani, ya zahanati, ya bombani. Kupitwa kunauma kama mtu aliyekuja baadaye akatangulizwa dirishani. Ila tukae tufikiri: aliyekuruka zahanati amekuchelewesha. Pikipiki iliyopita kwenye mwanya haijachukua nafasi yako, maana gari lako halikuweza kuingia pale. Ingekaa mbele yako kwenye mstari, ingekula mita zake na wewe ungekuwa nyuma zaidi. Mimi jambo hili ndilo lililonituliza nikiwa kwenye gari.

Ya tatu ni kioo. Sitalipunguza hili. Kioo cha pembeni kikivunjwa na mtu asiyesimama, hasara ni ya mwenye gari. Wengi wanaochukia bodaboda wote walianzia kwenye kioo kimoja.

Ya nne ni kumbukumbu ya kuzingirwa, na hiyo naitolea jibu lake hapo chini.

Nikiwa kwenye gari, nimuone anakuja nyuma, nifanye nini?

Kaa kwenye mstari wako na usibadilishe mwendo ghafla. Usijaribu kuwa mwema kupita kiasi kwa kukwepa upande. Ukikwepa kumpisha huyu, unambana aliye upande wa pili. Kama una nafasi, sogea taratibu mbali na mwanya: aliye njia ya kulia asogee kulia kidogo, aliye njia ya kushoto asogee kushoto. Inatosha kiasi cha kiganja au viwili.

Ukitaka kuhama njia, washa indiketa kwanza, hesabu moja, mbili, tatu, tazama kioo, geuza shingo, ndipo uhame. Wengi wetu tunahama halafu tunawasha. Indiketa inayowaka pamoja na tairi linalogeuka haimsaidii mtu yeyote.

Je, nikimbana kidogo ili ajifunze?

Hapana. Naomba sana, hapana. Nimesikia watu wenye heshima zao, wazazi, wakisema walisogeza gari ili "wamfundishe adabu". Akianguka kwenye mwanya ule haanguki kando ya barabara, anaanguka mbele ya tairi la gari la jirani. California kumzuia mwendesha pikipiki makusudi kwa namna inayoweza kumdhuru ni kosa, na kumfungulia mlango ili kumzuia ni kosa pia. Hapa kwetu, ukishamuua mtu, hakuna atakayekuuliza kama alikuwa amekukera.

Habari ya milango?

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Ilikuwa Barabara ya Morogoro, karibu na Manzese, magari yamesimama kabisa. Napita pole, abiria wangu amekaa vizuri. Taksi moja njia ya kulia, abiria wa nyuma akaamua ashukie pale pale. Nakumbuka ule mlango kwa ukingo wake: mstari mwembamba wa bati, raba nyeusi imebanduka chini, na vidole vya mama mwenye pete ya fedha vikiusukuma. Breki nilikamata. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto mpaka leo hakikunjiki. Yule mama alilia kuliko mimi, akawa anasema, "Mwanangu nisamehe, sikujua kama mnapita huku."

Hakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Basi tuambiane. Mwenye gari: usimshushe mtu katikati ya foleni upande wa mwanya, na watoto wakiwa nyuma, funga loki. Abiria: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Mwili utageuka wenyewe na macho yatatazama nyuma. Bodaboda: ukiona taksi imesimama na kichwa kinainama siti ya nyuma kutafuta pochi, huyo anashuka. Na usipite kamwe kushoto kwa daladala lililosimama, hata kama konda hajapiga bodi. Mlango uko huko, na watu wanashuka wakitanguliza mgongo.

Honi ipigwe au isipigwe?

Ipigwe fupi, mapema, ukiwa bado mita kadhaa nyuma. Honi ya kumtisha mtu ukiwa sikioni kwake inaweza kumfanya akate usukani upande wako. Taa ya mbele iwake muda wote, hata mchana. Kwenye kioo mwanga huonekana kabla ya pikipiki.

Malori ya Barabara ya Mandela je?

Pale kuna malori yanayotoka na kwenda bandarini mchana na usiku, na ninawasihi wadogo zangu: pale kaeni kwenye mstari. Dereva wa semi yuko juu. Mbele ya bampa lake kuna eneo asiloliona, na upande wake wa kushoto kuna jingine kubwa zaidi. Kijana anapenya mpaka mbele kwenye mataa, anasimama chini ya kioo cha lori, anaona yuko wa kwanza. Taa ya kijani ikiwaka, dereva anaondoa gari akiamini mbele ni peupe. Ukilazimika kusimama mbele ya lori, nenda mbele kiasi cha kuuona uso wa dereva, naye aone wako. Usipouona, hakuoni. Na lori linalogeuka, tela lake halifuati njia ya kichwa, linakata kona kwa ndani. Usiwe huko ndani.

Mimi ni abiria tu. Nina la kufanya?

Unalo kubwa. Sema kabla ya kupanda: "Kaka, sina haraka, twende pole." Nakuhakikishia kijana atapunguza; alikuwa anakimbia kwa sababu alidhani wewe ndiye unayetaka. Bana magoti, yasitokeze kwenye mwanya. Mkoba uweke kati yako na yeye, usining'inie pembeni ukakamata kioo cha gari. Vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kofia hupunguza uwezekano wa kifo kwa karibu asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa 69, lakini kofia isiyo na mkanda itatangulia kuruka kabla yako. Kama mkanda umekatika, shuka, chukua boda mwingine. Na mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, usipite nao katikati ya magari hata kama yamesimama, kwa sababu kwa mwendo mdogo uzito ule hauna mizani.

Amenivunjia kioo, au nimemgusa akaanguka, na wenzake wameanza kukusanyika. Nifanye nini?

Machi 2022 video ya mwanamke aliyezingirwa na waendesha boda ndani ya gari lake jijini Nairobi ilienea Afrika Mashariki nzima, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako. Tangu hapo kila mwenye gari anapoona pikipiki tatu zinasimama, anaiona video ile. Hofu hiyo ina msingi na sitaibeza. Lakini naomba pia mjue kwa nini hukusanyika: wengi wao wameshamwona mwenzao amelala barabarani huku gari lililomgonga likikimbia. Wanakuja kuzuia gari lisiondoke.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni wao kuona hukimbii. Simama, washa hazadi. Kama kuna aliyeumia, neno lako la kwanza liwe "pole, umeumia wapi?" na si "huoni?" Nimeona neno hilo moja likishusha sauti za watu kumi. Piga simu polisi, 112, mbele yao, wasikie. Piga picha za magari yalivyokaa kabla hayajasogezwa. Mwenye majeraha atahitaji fomu ya PF3 ya polisi kwa ajili ya hospitali, basi msimalizane kwa elfu ishirini barabarani halafu kesho mguu ukavimba. Ukiona maisha yako yako hatarini, funga vioo, nenda polepole moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu na utoe taarifa mwenyewe.

Na nyinyi vijana: aliyevunja kioo asimame. Hata kama huna hela, simama, toa namba, sema "samahani mzee, nitalipa kidogo kidogo". Kuna mzee aliwahi kunijibu, "Umesimama, basi nenda." Anayekimbia anamwachia deni bodaboda atakayepita kwenye gari lile kesho.

Mvua ikinyesha?

Usipite katikati. Mistari ya rangi inateleza, vioo vya magari vimejaa maji na ukungu, madimbwi yanaficha mashimo, na kila dereva anatazama mbele tu. Simama chini ya daraja la Ubungo na wenzako mpaka ipungue. Mpigie simu bosi umwambie.